Figa la Longton

Kazi yenyewe ni fupi kuieleza:
juu, bamba la moto, digrii mia sita;
chini, fremu ya alumini isiyovumilia zaidi ya sitini;
kati yao, nafasi ya vidole viwili,
na mimi natakiwa niseme ni kitu gani kikae hapo,
kibebe kilo mia mbili bila kubonyea hata unene wa unywele
wala kupeleka habari za juu kwa wa chini.

Kisiwe mdaku, kwa ufupi.
Kisikie moto, kinyamaze.

Nilianza na chuma cha pua kwa sababu kilikuwepo.
Kilisimama kama askari wa zamu
na, kama askari wa zamu, kikaripoti kila kitu:
robo saa tu, fremu haishikiki.
Nikaleta ubao wa nyuzi za kioo na gundi,
ule wa kijani, unaoitii misumeno.
Ulitunza siri mpaka digrii mia tatu,
kisha ukatoa harufu ya kwato zinazoungua,
ukaachana tabaka kwa tabaka
kama chapati ya mpishi hodari.
Bodi ya chokaa na silika, nyepesi, imejaa vitundu vya hewa:
chini baridi kabisa! Nikashangilia
hadi nilipoona miguu ya bamba imezama ndani yake
kama kidole katika halua.
Alumina nyeupe: kauri ngumu
kuliko neno la mwisho la shangazi yangu Mwanakheri,
lakini joto lilipita humo bila kubisha hodi.

Jumatano mvua ya Longton ilikuja kwa namna yake,
si kunyesha hasa, ni kulowesha tu.
Dirishani, tanuri la kale lenye umbo la chupa
limeota kichaka mdomoni.
Mama Tunnicliffe, aliyepanga vikombe tanurini
tangu ana miaka kumi na mitano, na sasa hutunza stoo yetu,
akaja kuangalia jedwali langu:
safu ya ukakamavu, safu ya kupitisha joto,
zinapanda pamoja kama mapacha wasioachana mkono.
Huniita "bata." Ndivyo wanavyopendana huku.
"Bata," akasema, "unauliza jiwe gani, jiwe gani.
Mbona huulizi linagusa wapi?"
Akatoa mfukoni kijipande cha udongo uliochomwa,
chenye ncha tatu, kidogo kama kokwa ya zambarau.
Juu ya hivyo waliweka sahani tanurini,
kila sahani ikaguswa mahali patatu, basi.

Nikakigeuza kiganjani.
Nikacheka peke yangu, kwa Kiswahili.
Miaka minne ya chuo, tisa ya kazi,
na nimesahau mafiga?
Moja haliinjiki chungu, mawili huyumba,
matatu hutulia hata sakafu ikiwa na matege.
(Najua, kule moto uko chini na huku uko juu;
mfano unachechemea. Uache uchechemee.)

Nikaagiza zirkonia, kauri iliyo mvivu wa kupokeza joto:
vijiti vitatu, unene wa penseli.
Uwazi uliobaki nikautandika bati jembamba linalong'aa,
lirudishe miali ilikotoka. Kisha nikauacha.

Ijumaa, saa tatu mfululizo.
Kipimo cha juu: mia sita na mbili.
Cha chini: hamsini na nne.
Mshale wa kupima kubonyea haukutikisika.
Mama Tunnicliffe akaweka kiganja kwenye fremu
(vidole vyake havina alama, zililika na vikombe)
akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni fomu ya manunuzi ikarudi kutoka kwa Colclough wa uhasibu.
Kwenye mstari wa nyenzo nilikuwa nimeandika:
zirkonia, vijiti vitatu; bati, karatasi moja; hewa, iliyobaki.
Amezungushia hewa kwa wino mwekundu.
Pembeni: Bei gani? Na nani anatuuzia?